Meli ikitia nanga Unguja kwa siku moja: mwende wapi, mnunue nini

Dada mmoja mzaliwa wa Nakuru, anayeishi Uingereza, ameniandikia kwamba Februari yeye, mumewe na mama mkwe wake watapita Zanzibar na meli ya watalii. Meli itafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja jioni. Mama mkwe ana miaka 72 na anatembea na mkongojo. Anauliza wanunue matembezi yanayouzwa na meli au wakodi gari wenyewe, pwani ya Nungwi kule kaskazini kama wataiwahi, na vitu vya kununua avitafute wapi asije akalanguliwa.

Dada, nianze na saa, maana ndizo zitakazoamua mengine yote. Kwenye karatasi mna saa tisa za nchi kavu. Kwa kweli hamna hata saba. Meli ikifika, watu wa bandari, uhamiaji na afya humaliza kwanza kazi yao ndipo abiria waruhusiwe kushuka. Meli kubwa isipopata nafasi gatini Malindi, bandari yetu ya hapa mjini, hutia nanga nje, abiria wakaletwa kwa boti ndogo za meli. Foleni ya boti hizo peke yake inaweza kula saa nzima kwa mtu asiyetaka kusukumana, na mama mwenye mkongojo hapaswi kusukumana. Upande wa jioni, meli inayong'oa nanga saa kumi na moja hutaka abiria wote wawe ndani nusu saa au saa nzima kabla. Kwa hiyo panga siku ya saa sita, tuseme saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Kitakachozidi kiwe akiba.

Ukishakubali hivyo, Nungwi inatoka kwenye ratiba. Kutoka mjini ni karibu kilomita 60, barabara inapita katikati ya vijiji, ina matuta na vizuizi vya polisi, na hata dereva mzuri hutumia zaidi ya saa moja kwenda na nyingine kurudi. Mtafika mkiwa na joto, mtaoga haraka, mtakula mkitazama saa. Paje na upande wa mashariki ni mbali vilevile, na kule kuna jambo jingine: maji yakipwa, hasa siku za bamvua, bahari hurudi nyuma mbali sana na mtu akabaki anatembea juu ya mchanga na mwani. Nungwi imepata sifa kwa sababu maji yake hayakimbii namna hiyo. Kama mumeo hana amani mpaka aingie baharini, mwambie dereva awapeleke pwani ya karibu na mji, Mbweni au Bububu, na ulizeni kwanza maji yatajaa saa ngapi siku hiyo. Dereva yeyote wa Unguja atakujibu.

Sasa gari au matembezi ya meli. Jambo linalowatisha watu ni kuachwa, na wana haki. Basi la matembezi yaliyouzwa na meli likikwama njiani, meli hulisubiri. Wewe ukikwama na gari lako, meli itaondoka. Pamoja na hayo, kwenu nyinyi nashauri gari. Matembezi ya meli huuzwa kwa kichwa, na teksi bei yake ni ya gari zima, kwa hiyo watu watatu huokoa fedha nyingi. Zaidi ya fedha, kundi la watu arobaini hutembea kwa mwendo wa kiongozi, na vichochoro vya Mji Mkongwe havimsamehe mtu anayebaki nyuma. Mkiwa na gari lenu, mama akichoka mnakaa. Na wewe unazungumza Kiswahili, kitu ambacho wengi wa abiria wenzako hawana.

Teksi zetu hazina mita. Bei hupatana kabla mlango haujafunguliwa, na katika mapatano hayo utaje kila kitu kwa jina: tunakwenda wapi, tunasimama wapi, utatusubiri muda gani, mafuta juu ya nani, utatushusha wapi mwisho. Malipo yawe mkirudi mjini. Dereva anayejua kwamba fedha yake iko mwisho wa safari hatapotea mkiwa shambani. Na kwa kuwa mumeo anasoma saa ya meli, mkishakubaliana na dereva kwamba mtaondoka saa sita, hakikisha mume anajua kwamba hiyo ndiyo 12:00 ya kwenye karatasi yake. Watu wameachana hapo.

Msikodi pikipiki wala gari la kuendesha wenyewe kwa siku moja. Zanzibar inamtaka mgeni awe na kibali cha hapa cha kuendesha, polisi wanakiuliza barabarani, na kukifuatilia kunakula muda msio nao. Daladala ni nzuri na ni rahisi, ila husubiri ijae na husimama kila mtu anapoita. Bajaji inafaa kwa kipande kifupi mjini, mfano kumrudisha mama kutoka sokoni Darajani hadi getini Malindi.

Getini mtapokelewa na vijana tunaowaita papasi. Wengi wao wanatafuta riziki tu, na salamu njema ya Kiswahili hupunguza mengi. Lakini ujue kwamba papasi akikusindikiza dukani, mwenye duka anamlipa kamisheni, na kamisheni hiyo wewe ndiye utakayeilipa ndani ya bei. Kama mnataka kiongozi, chukueni mwenye kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na mwambieni mapema kwamba madukani mtaingia wenyewe.

Asubuhi nendeni mashamba ya viungo, Kizimbani au Kidichi. Ni mwendo wa nusu saa hivi, kuna kivuli, na njia za shambani ni za udongo mtupu, hazina ngazi. Hapo ndipo mama mkwe atakapofurahi kuliko pengine popote. Kijana atampasulia tunda la kungumanga mbele ya macho yake: ganda la manjano linafunguka, ndani mna kokwa jeusi linalong'aa, na juu ya kokwa umetandwa wavu mwekundu mbichi, basbasi. Akishaliona hilo hatalitazama tena kopo la viungo la jikoni kwake kama zamani. Atabanduliwa gamba la mdalasini anuse, ataona pilipili manga zikitambaa juu ya mti mwingine, na mzingefuri utampaka rangi ya midomo. Mwisho wa matembezi huwa kuna meza ya kuuzia viungo, na kijana wa kukwea mnazi atategemea bakshishi. Mpeni, ameifanyia kazi. Viungo lakini nunueni kidogo tu hapo, kwa heshima, mengi yasubiri mjini.

Watu wa meli hupenda pia Jozani, kwa wale kima punju wenye migongo myekundu. Ni kilomita 35 kusini mashariki na kima wenyewe hawaogopi watu. Ila Jozani pamoja na shamba la viungo pamoja na mji katika saa sita ni kumkimbiza mama bure. Chagueni kimoja cha nje ya mji. Changuu, kisiwa cha kobe wakubwa, ningekiacha kwa ajili ya mama: boti nyingi hupandiwa ufukweni, mtu anakanyaga maji na kujiinua juu ya ubavu wa boti.

Mwambie dereva awashushe Mkunazini, na si "mjini" tu. Hili ni muhimu kwa mwenye mkongojo. Magari hayaingii ndani ya Mji Mkongwe. Yanazunguka pembeni, na kila kitu cha ndani ni kwa miguu, huku pikipiki zikipita kwenye vichochoro ambavyo watu wawili wanapishana kwa ubavu. Pembeni mwa mji mna milango mitatu ya maana: Mkunazini na Darajani upande wa Barabara ya Benjamin Mkapa, Shangani upande wa magharibi, na Forodhani baharini. Ukimshusha mama kwenye mlango unaofaa, anatembea dakika tano. Ukikosea, anatembea nusu saa juani.

Mkunazini lipo kanisa kuu la Anglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Ingieni. Kuna maonyesho ya historia ya biashara ile na vyumba vya chini ambavyo wageni huonyeshwa. Mama asishuke, dari ni fupi na ngazi ni mbaya. Msipite hapo kwa haraka kwa sababu mna kanga za kununua. Yaliyotokea pale yanastahili muda wenu.

Kutoka hapo Darajani ni hatua chache, na sasa tuje kwenye ununuzi.

Kwanza fedha. Badilisheni shilingi za Tanzania mkifika, benki au duka la kubadilishia fedha, au mtoe kwenye mashine. Wageni wengi bado wanakuja na dola wakidhani ndiyo fedha ya hapa. Tangu mwaka 2025 kanuni za nchi zinakataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni, na hata kabla ya hapo bei ya dola ilikuwa bei ya mgeni. Noti yetu kubwa ni ya 10,000, kwa hiyo bunda litakuwa nene. Ligawe mara mbili, na za 1,000 na 2,000 ziwe karibu na mkono. Muuzaji wa sokoni mara nyingi hana chenji, na kukosa chenji ndiko kunakomaliza mapatano mazuri vibaya.

Duka la zawadi la barabara ya Gizenga, nyuma ya Ngome Kongwe, ni zuri kwa macho. Vitu vingi vinavyouzwa pale utavikuta duka la pili, la tatu na la kumi, vilevile. Darajani na Mchangani ndiko wenyeji wanakonunua, na anayewauzia wenyeji hawezi kuuza takataka kwa muda mrefu, kwa sababu mteja atarudi kesho akiwa amekasirika. Nenda huko.

Viungo vinunue Darajani, na vinunue vizima. Usichukue vile vikapu vidogo vya ukili vyenye vipakiti kumi na mbili vilivyofungwa nailoni. Hujui unga ule umesagwa lini, na mara nyingi umekwisha harufu. Mwambie muuzaji akupimie kwa uzito, robo kilo ya hiliki, robo ya mdalasini, akufungulie gunia unuse. Karafuu ishike moja, ubonyeze kichwa chake kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta. Iliyokwisha kukamuliwa mafuta ni kavu, inavunjika, na ukiitia majini hulala ubavu juu ya maji. Nzuri huzama au husimama wima. Chukua za kupikia tu. Biashara ya karafuu Zanzibar iko chini ya Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kubeba mzigo mkubwa bila kibali kunaweza kukutia matatani. Vanila iwe laini, nyeusi, yenye mafuta, ikunjike kidoleni bila kukatika. Kungumanga itikise masikioni. Zima ndani ya ganda lake hukaa miaka.

Zafarani nakuomba uiache. Utaonyeshwa mifuko yenye nyuzi za rangi ya machungwa kwa bei ya kufurahisha, nayo siyo. Zafarani haioti kwetu na popote duniani ni ghali mno. Ukitaka kuhakikisha, omba maji kidogo: nyuzi za kweli hutoa rangi ya dhahabu polepole, zenyewe zikabaki nyekundu. Hizi za mifukoni hugeuza maji papo hapo, kisha hubaki zimepauka.

Kanga, au leso kama mnavyosema kwenu, zitafute Mchangani. Zinauzwa kwa doti, mbili pamoja zisizokatwa, na muuzaji akikutajia bei uliza kama ni ya doti au ya kipande. Simama mlangoni penye mwanga, shika kitambaa kati ya vidole viwili, kisugue. Pamba inakwaruza kidogo na hukunjika. Ya nailoni inateleza na itamchemsha mtu mgongoni. Tazama upande wa nyuma: rangi ikiwa imepenya, ni nzuri. Kisha soma jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Hapa ndipo nakuonea wivu mwema, kwa sababu watalii wote wa meli watachagua kwa rangi, na wewe unaweza kukaa kwenye benchi la duka, mwenye duka akakuteremshia doti moja baada ya nyingine, ukazisoma mpaka upate ile inayomfaa mtu wako. Usimnunulie mama mkwe kanga ya mafumbo bila kufikiri. Zipo za dua, zipo za shukrani kwa mzazi. Mwambie muuzaji ni ya nani, atakusaidia kwa furaha. Wamezoea, na wanaijua kazi hiyo kuliko mimi.

Kofia za viua, zile zinazoshonwa kwa mkono, bei yake itakushtua. Angalia matundu: ya mkono yamezungushiwa uzi mmoja mmoja na hayalingani sana, ya mashine yote yamelingana na bei yake ni ndogo. Kofia ya mkono huchukua wiki nyingi za mtu, mara nyingi mwanamke aliyeketi nyumbani kwake akishona baada ya kazi nyingine zote. Mikeka na mikoba ya ukili ni vivyo hivyo. Patana, ni ada yetu na muuzaji anategemea upatane, lakini mwenye kushona mwenyewe usimkabe mpaka mwisho. Unayemkaba hapo hana pengine pa kufidia.

Namna ya kupatana unaijua. Salamu kwanza, shikamoo kwa mtu mzima, habari za nyumbani, ndipo bidhaa. Uliza bei ya vitu viwili vitatu kabla ya kile unachokitaka. Na mumeo, kwa upendo wote, akae na mama kwenye kahawa mpaka umalize. Akisimama nawe, bei ni ya kwake.

Vinyago vya mpingo vinadanganyiwa sana: mti mweupe hupakwa rangi ya viatu. Mpingo wa kweli ni mzito isivyo kawaida, kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Sugua chini ya kinyago kwa kitambaa chenye maji uone kinachotoka. Picha za Tingatinga, mtindo alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam miaka ya 1960, waombe wazitoe kwenye fremu na kuziviringisha. Zitakaa kwenye sanduku bila shida. Halua inunue siku hiyohiyo, onja kabla.

Makombe ya baharini, matumbawe, na chochote cha gamba la kasa, acha kabisa, hata ukiambiwa kina kibali. Kasa analindwa na sheria za hapa na za kimataifa, na forodha ya Uingereza itakunyang'anya na huenda ikakushtaki. Miche na mbegu za kupanda kutoka mashambani usizibebe pia, zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Viungo vikavu vya kupikia, vilivyofungwa vizuri, havina tatizo.

Kuhusu Februari: mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo tazama tarehe zenu. Ikiwa ni Ramadhani, mchana migahawa mingi ya mitaani imefungwa na kula au kunywa njiani ni kuwakosea watu adabu. Mtakula hotelini Shangani, ndani, na maduka mengine hufungwa alasiri. Siku ya Ijumaa maduka hufungwa wakati wa sala, kuanzia saa sita hivi hadi saa nane. Siku yenu ikiwa Ijumaa, geuzeni ratiba: Darajani na Mchangani asubuhi, shamba baadaye. Mabega na magoti yafunikwe mjini, wanaume kwa wanawake. Na Februari ni kaskazi, jua ni kali, mama awe na kofia na maji.

Zile meza za vyakula za Forodhani zinazopigwa picha sana huwa za usiku, meli yenu itakuwa imeondoka, msizitegemee. Urojo, ule mchuzi mzito wa Zanzibar, unapatikana mchana, ulizeni Shangani.

Saa nane na nusu, popote mlipo, anzeni kurudi. Mkiwa Forodhani na mama bado ana nguvu, njia ya kwenda Malindi ni ya tambarare kando ya bahari: mtapita Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883, ambayo sehemu yake ilianguka Desemba 2020, kisha jumba la kifalme, kisha Mtini, ule mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911, ambapo kuna kivuli cha kumpumzisha, halafu Zahanati ya Kale yenye roshani za mbao zilizochongwa, na geti la bandari liko mbele yake. Kwa mwendo wa mama ni dakika ishirini na tano. Kama amechoka, simamisha bajaji, na kadi zenu za meli ziwe mkononi kabla hamjafika getini.